Kutikisika na kutetema

Funga kamera kwenye helmeti, panda bodaboda kutoka Talatala, pita njia za mashamba ya kakao kuelekea ufukwe wa Matema. Ukija kuitazama video, milima ya Livingstone inarukaruka. Wengi husema picha "imetikisika", na kwa mashimo ya njiani wako sahihi. Lakini injini nayo ina yake: inatetema. Tofauti hiyo tuitunze, maana dawa zake si moja.

Mtikisiko unatulizwa na programu. Jairoskopu ndani ya kamera hupima kichwa kinavyogeuka, kisha kila picha husogezwa upande wa pili na kingo zake kukatwa. HyperSmooth ya kamera za GoPro, iliyotoka mwaka 2018 na HERO7 Black, hufanya kazi hiyo ndani ya kamera yenyewe. Nalipenda sana neno "kutuliza" hapa. Tunasema ziwa limetulia, basi na video itulie.

Mtetemo ni mkaidi zaidi. Unaacha ukungu ndani ya picha yenyewe, hasa jua likizama, na ukungu huo hausogezeki. Kaza kishikizo cha kamera, rekodi mchana kweupe.