Kadi iliyogoma kuingia

Nimekuwa kimya wiki mbili, habari za vikao zimenibana. Leo siasa naweka kando niwasimulie kosa langu la shilingi 40,000, maana ndani yake mna historia.

Mjomba ana kiduka cha kuchapa barua na mitihani Muleba. Kompyuta yake ni Pentium 4 ya mtumba, na printa yake ya kizamani haielewani na mashine mpya. Mwezi uliopita skrini ikawa nyeusi. Fundi akasema kadi ya picha imekufa. Mitihani ya shule ilikuwa inasubiri, na ada ya binamu yangu inatoka humo humo. Nikajitia kimbelembele: "Mjomba, usihangaike, nitakuletea Jumamosi."

Nikanunua kadi yenye namba kubwa kuliko zote dukani, nikapanda Hiace, nikapita Kemondo nikijiona bingwa. Kufika Muleba, kadi haiingii! Mjomba akanitazama: "Ewe nshomile, digrii yote hiyo hukufundishwa kutazama tundu?" Na risiti imeandikwa wazi, mali ikishauzwa hairudishwi.

Usiku ule nikakaa kusoma. Kumbe "basi" la kompyuta na basi la abiria ni neno moja, omnibus, Kilatini, maana yake "kwa wote". Ni njia ya pamoja ya kupitisha data. Mwaka 1992 Intel ilileta njia iitwayo PCI: megahezi 33, megabaiti 133 kwa sekunde, na vifaa vyote vinagombania hapo hapo. Michezo yenye picha nzito ilipoingia, kadi ya picha ikawa kama lori la ndizi kwenye njia ya baiskeli. Mwaka 1997 zikaanza kutoka mazabodi zenye AGP, njia ya kadi ya picha peke yake. Ilianza na megabaiti 266 kwa sekunde, toleo la mara 8 likafikia 2,133. Mwaka 2004 ikaja PCI Express yenye umbo jingine kabisa. Hiyo ndiyo niliyonunua. Ya mjomba ni AGP.

Na lile basi la prosesa je? Pentium II za 1997 zilikuwa na megahezi 66, Pentium III ikafika 133. Pentium 4 ya mwaka 2000 ikatangazwa na 400, na hapo wengi tunadanganyika. Mapigo halisi ni 100, ila kila pigo linapitisha data mara nne. Ya mjomba imeandikwa 533, yaani 133 mara nne. Kila mara zinapita baiti 8, jumla kama megabaiti 4,260 kwa sekunde. Kadi ya AGP, hata ya mara 8, inatumia nusu ya hapo tu. Basi lilitosha, mimi nilikosea tundu.

Kwa hiyo ukitaka kadi, fungua boksi kwanza. Tazama tundu, halafu pengo la kadi. AGP za mwanzo zilitumia volti 3.3, za baadaye 1.5, na pengo limewekwa ili usizichanganye. Usilazimishe, utaunguza mazabodi. Kisha pima umeme wa boksi. Na usiweke kadi ya kifahari kwenye prosesa chovu, itakaa inasubiri kazi.

Utasema hayo ni ya kale, Intel yenyewe iliacha basi hilo kwenye Core i7 za 2008. Kweli. Lakini nchi hii ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974. Mlango ulipofunguliwa, wengi tuliingia kwa mtumba, na bado tunaishi na mashine ambazo wenzetu walishazitupa. Historia yao ndiyo inayolipa ada Muleba.

Fundi mmoja hapa Bukoba alinichomolea kadi ya AGP kwenye kompyuta iliyokufa, shilingi 10,000. Safari hii nilibeba picha ya tundu kwenye simu. Skrini imewaka, mitihani imechapwa. Ile ya 40,000 ipo mezani kwangu, mjomba ameniambia niiwekee fremu.

Wikendi njema.