Farasi wa Matambara: Vijumba Vidogo, Bibi Harusi na Historia Yetu



Nawaandikia kutoka Ilembo, hapa Mpanda mjini, nilikoletwa na ndoa. Bahari iko mbali na hapa, lakini maswali ninayoulizwa na wasichana wa huku ni yale yale ya Unguja na Pemba. Moja limejirudia tangu Ramadhani. Hivi vijumba vya maboksi, vibustani vya pamba na karatasi, makasri madogo yenye minara na mawingu, tunavyopanga juu ya meza ya bibi harusi au kwenye kona ya watoto nyumbani, si mambo ya kuiga Wazungu? Na mwenye kuuliza huongeza: tena si upuuzi, mtu mzima kukaa na gundi na mkasi?

Jibu langu si fatwa, maana mimi si mufti. Ni historia, na inaanzia katika chumba kidogo cha Madina.

Vyumba vya wake wa Mtume (S.A.W.) vilikuwa vya matofali ya udongo na makuti ya mtende, na dari lake lilikuwa chini hivi kwamba kijana aliyenyoosha mkono aliligusa. Katika chumba cha Bibi Aisha (R.A.) palikuwa na kijishubaka, na mbele yake pazia. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume alirejea kutoka safari ya kivita, Tabuk au Khaybar, maana mpokezi hakukata shauri. Kwa miaka yetu ni 630 au 628. Upepo ukavuma, ukafunua upande wa pazia, na nyuma yake wakaonekana wanasesere wa Bibi Aisha. Mtume akamuuliza ni nini hivyo. Akajibu ni mabinti zake. Kisha akaona katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za matambara, akauliza tena: hiki cha katikati ni nini, na kilicho juu yake ni nini? Farasi ana mbawa? Bibi Aisha hakukosa la kusema. Alimjibu kwamba kwani hakusikia kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Tuitazame vizuri habari hii, kwa sababu wengi tunaisikia madrasa tukiwa wadogo kisha tunaiacha huko. Kuna kishubaka, ndiyo jukwaa. Kuna pazia. Kuna wanasesere waliopangwa, na katikati yao kiumbe ambacho hakuna mtu wa Madina aliyewahi kukiona kikipita njiani. Mbawa zake ni vipande vya nguo, yaani masalio ya nyumbani. Na aliyetengeneza ana kisa cha kukielezea. Dada zangu, hiyo ni kazi ile ile tunayoifanya mezani, ila yeye hakuwa na gundi ya dukani.

Lakini kuna farasi wa pili, na huyu watu hawamtaji sana. Katika Sahihi Muslim, Bibi Aisha anasimulia kwamba Mtume alirudi safarini akamkuta ametundika mlangoni pazia lenye picha za farasi wenye mbawa. Akamwamuru aliondoe, naye akaliondoa. Katika mapokezi mengine ya pazia lenye picha, alilikata akashona mito, na Mtume akawa anaegemea mito hiyo.

Nyumba moja, mke mmoja, farasi wenye mbawa mara mbili. Wa matambara aliyekuwa kishubakani alileta kicheko. Waliotundikwa mlangoni waliondolewa. Wanazuoni wamejadili tofauti hii kwa karne nyingi. Qadhi Iyadh, aliyefariki 1149, aliruhusu wanasesere kwa wasichana na akanukuu ruhusa hiyo kutoka kwa wanazuoni walio wengi, kwa hoja kwamba mtoto wa kike hujifunza kwayo mambo ya nyumba na malezi. Wengine walisema ruhusa hiyo ilikuja kufutwa. Ibn Hajar alizikusanya kauli hizi katika ufafanuzi wake wa Sahihi Bukhari, kwa hiyo mwenye kutaka undani amwendee ustadhi wake. Mimi kama msomaji wa historia naona jambo moja: kitu kidogo, duni, cha kuchezewa, hakikuhesabiwa sawa na picha iliyoinuliwa na kutundikwa ili itazamwe. Hilo linatuhusu sana siku za harusi, kama mtakavyoona.

Wala Bibi Aisha hakuwa peke yake. Bibi Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) amesimulia kwamba walipofunga Ashura na kuwafungisha watoto wao, waliwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula, hupewa kile cha sufi akashughulika nacho mpaka wakati wa kufuturu. Kila mama aliyewahi kumtuliza mtoto saa kumi na moja jioni ya Ramadhani anaijua hekima hiyo.

Sasa twende Misri, karne nne baadaye, ambako vitu hivi vilitoka chumbani vikaingia ikulu. Msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, aliishi Cairo kati ya 1047 na 1050, enzi za Mafatimi. Alifanikiwa kuingizwa mahali palipoandaliwa karamu ya Idi ya khalifa, na kati ya aliyoyaona ni mti mfano wa mchungwa, matawi, majani na matunda yake yote yakiwa ya sukari, pamoja na vijisanamu elfu moja, navyo vya sukari. Sukari wakati huo haikuwa kitu cha kilo mbili dukani kwa Mangi. Ilikuwa mali.

Misri ya watu wa kawaida nayo ikapata sukari yake. Mpaka leo wakati wa Maulidi huuzwa mwanasesere wa sukari aliyevishwa gauni na mapambo ya karatasi za rangi yaliyokunjwa kama kipepeo mgongoni, na kwa wavulana mpanda farasi wa sukari. Mwanasesere huyo huitwa arusa. Neno hilo kwa Kiarabu cha Misri ni bibi harusi, na ndilo hilo hilo la mwanasesere. Siku hizi wengi ni wa plastiki, jambo ambalo mimi linanisikitisha kidogo, maana wa sukari akichoka huliwa, wa plastiki anabaki kuwa taka.

Kilele cha mambo haya kilikuwa Istanbul. Waturuki wa Uthmaniya walikuwa na kitu kiitwacho nahil, kutokana na neno la Kiarabu la mtende. Ulikuwa mti wa bandia wa nta, waya, karatasi na dhahabu iliyopondwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, umejaa matunda, maua na ndege wadogo. Ulitangulia katika maandamano ya harusi na ya tohara. Palikuwa na mafundi wa kazi hiyo tu. Pamoja na nahil zilibebwa bustani nzima za sukari, zenye miti, vibanda na ndege. Mwaka 1582, Sultani Murad wa Tatu alipomtahiri mwanawe Mehmed, sherehe zilipita siku hamsini. Mwaka 1720, Sultani Ahmed wa Tatu alipowatahiri wanawe, mshairi Vehbi aliandika kitabu kizima cha sherehe hiyo na mchoraji Levni akakichora, ndiyo maana tunaweza kuzitazama bustani hizo za sukari zikibebwa mbele ya watu mpaka leo.

Na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Nahil za wakubwa zilifikia urefu ambao hazikuweza kupita katika vichochoro. Basi zilipokwama, mapaa na roshani za nyumba za watu zilibomolewa ili zipite. Kitu kilichoanza kama mbawa mbili za matambara nyuma ya pazia sasa kinabomoa roshani ya jirani. Najua kuna watakaosema ulikuwa utukufu wa Waislamu, na mikono ya wale mafundi naistaajabia kweli. Ila mwenye nyumba ile angekuwa mimi, nisingepiga kigelegele.

Pwani yetu ilikuwa na namna ya upole zaidi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa zidaka, vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa nakshi, safu juu ya safu, na ndani yake vikawekwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari. Bibi harusi alipotolewa ili wanawake wamwone, alikaa mbele ya zidaka hizo. Hakuna sanamu, hakuna mnyama. Ni ukuta mmoja unaofanana na mji mdogo wa matao, mwanga wa taa ukicheza ndani yake. Mimi nikitengeneza kasri la boksi huchukua umbo lake huko, si kwenye katuni.

Ndiyo tukafika Ilembo. Mji wa Mpanda ulikuzwa na reli ya kutoka Kaliua, iliyojengwa baada ya Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ule ulifungwa, reli ikabaki, na watu wakabaki: Wabende, Wakonongo, Wapimbwe, Wafipa, Wanyamwezi, Waha, Wasukuma, na sisi tulioletwa na ndoa. Watoto wa hapa hawahitaji kufundishwa ufundi huu. Magari ni ya mabua, ng'ombe ni wa udongo wa kichuguu, wana pembe na nundu kabisa. Mtoto wa Nungwi huchonga kingalawa kwa kipande cha kandambili na tanga la mfuko. Huyu wa huku hufinyanga zizi.

Mwaka jana binti wa wifi yangu aliposwa. Fundi wa mapambo ya kukodi akataja bei ya jukwaa lenye bustani na farasi mweupe wa kusimama, na katika kikao cha akina mama ikatoka kauli kwamba kiasi kinachopungua kichukuliwe katika mahari, "kwani si harusi yake mwenyewe?" Chumba kikanyamaza. Mahari ni haki ya mwanamke kwa maneno ya Qur'ani, Suratun Nisaa, aya ya nne, na haichukuliwi ila kwa ridhaa yake. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, kichwa chini. Na ridhaa gani atatoa msichana wa miaka ishirini na moja mbele ya shangazi zake sita? Nilipoona hasemi nikamwombea muda wa wiki mbili. Sikuwa na hoja nzito, nilikuwa na farasi wa Bibi Aisha tu, nikawasimulia.

Wakakubali, shingo upande. Kwa fundi cherehani tuliomba vipande vya kitenge na satini, kwa seremala unga wa mbao, dukani maboksi ya sabuni. Zidaka tukazikata kwenye boksi, tukazipaka chokaa. Ardhi ilikuwa makapi ya mpunga yaliyotiwa rangi ya kijani, mawingu ni pamba, mitende ni karatasi iliyokunjwa kwenye kijiti. Mabishano hayakuisha. Shangazi mmoja alisema farasi asiwekwe kabisa, mwingine akasema bila farasi hakuna kisa. Tukaafikiana awe mdogo, wa matambara, akae mezani kwa watoto, asiinuliwe kwenye jukwaa la bibi harusi. Jukwaani zikabaki zidaka, taa na asumini za karatasi. Mahari yakabaki mikononi mwa mwenyewe, naye akanunua cherehani.

Wengi mmeniuliza gundi tuliyotumia, maana ya dukani ni ghali kwa kazi kubwa. Ni uji wa unga wa ngano. Koroga unga na maji baridi kwanza usiwe na madonge, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga mpaka ung'ae, uache upoe. Paka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja likauke. Huku kwetu kiangazi kinakausha kwa nusu siku. Ninyi wa visiwani, kwa unyevu wenu, tieni shabu iliyosagwa kijiko kimoja kwenye sufuria ndogo uji ukiwa wa moto, na anzeni wiki tatu kabla, la sivyo kasri litaota ukungu bibi harusi hajatiwa hina.