Ulezi wa Vijana katika Msitu wa Walikale: Kutoka Baraza la Wazee hadi Familia za Mapokezi

Katika msitu wa Walikale, Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, ambamo kijiji cha Buleusa kiko ndani ya kundi la vijiji la Ikobo, sekta ya Wanianga, ulezi wa vijana wa kiume haukuachiwa wazazi peke yao, bali ulibebwa na wazee wa ukoo waliokutana katika nyumba ya wanaume, yaani jengo la kuotea moto, kusikiliza mashauri na kugawana nyama ya mawindo. Hapo kijana aliyerudi na nyavu na mbwa alijifunza ni sehemu gani ya mnyama apewe nani, na aliyemjeruhi mwenzake aliketishwa mbele ya wajomba na baba wadogo, ambao walimkemea na kumsaidia kulipa fidia. Na kwa kuwa nao waliilipa, walikuwa na sababu ya kumchunga asirudie.

Fikra hiyo ya adhabu inayoambatana na malezi imo pia katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga, jamii ya msitu huo, ambao Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck. Mwindo, ambaye baba yake Shemwindo alitaka kumwua tangu utotoni, anashinda vita vyake vyote. Lakini baada ya kuliua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi, anapandishwa angani, anateswa kwa baridi na jua, anafunzwa kujizuia, kisha anarudishwa kwao kutawala. Adhabu ya shujaa ina walimu na ina mwisho, na mwisho huo ni nyumbani, jambo ambalo magereza ya Kongo, ya kikoloni na ya baadaye, hayakulipa uzito.

Vita viliuvunja utaratibu huo wa wazee. Mauaji ya sokoni Ntoto, wilayani Walikale, tarehe 20 Machi 1993, yaliwasha moto uliosambaa hadi wilaya jirani ya Masisi; mwaka 1996 wakaja kadogo, yaani watoto walioandikishwa katika jeshi la waasi wa AFDL; na tangu hapo kamanda akachukua nafasi ya mjomba, akimpa kijana chakula, bunduki na jina jipya. Baraza la Jamii Mbalimbali, lililoanzishwa Goma mwaka 1998 kwa wazee wa jamii tisa za Kivu ya Kaskazini, lilipatanisha migogoro mingi kabla ya kusambaratika mwaka 2005, ila mbele yake jamii ziliwakilishwa na wakubwa wao, na vijana wenye silaha hawakuwa na kiti. Mwaka 2016 Buleusa yenyewe ilikumbwa na mapigano ya makundi yenye silaha ambayo kila moja lilidai kuilinda jamii yake.

Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 ilipiga marufuku kuwaandikisha watoto jeshini, na pia ikaunda mahakama za watoto, lakini kazi ngumu inafanywa na familia za mapokezi, yaani kaya za wanakijiji zinazomhifadhi mtoto aliyetoka katika kundi lenye silaha wakati ndugu zake wanatafutwa, na RECOPE, yaani mitandao ya jamii ya ulinzi wa mtoto. Mama wa kaya kama hiyo humlaza mtoto pamoja na wanawe, humpa jembe la shambani na hukaa naye usiku anaposhtuka usingizini, huku wazee wakizungumza na ukoo wake kuhusu aliyoyatenda kabla hajarudi. Msaada huo unastahili heshima kubwa, na inasikitisha kwamba hukoma kijana afikapo miaka 18, umri ambao wengi wa wapiganaji wa Walikale wameshauvuka, wakiwa hawana mzazi wa mapokezi wala mjomba wa kuwalipia fidia.