Dunia Haikuanguka Siku Moja: Mad Max na Sisi Watu wa Uvira

Juzi tulikuwa watu sita mbele ya kompyuta moja, tunaangalia Fury Road. Pale yule mzee Immortan Joe anafungua maji kutoka juu ya mwamba, watu wanakimbilia na mabeseni, halafu anafunga ghafla, mdogo wetu mmoja akapiga kelele: "Eh! Hii si ni Uvira kabisa?" Wote tukacheka. Nilivyorudi nyumbani nikakuta bidoni za njano zimepangwa mlangoni zinangoja asubuhi. Kicheko kikaniishia hapo.

Lakini kwa vile nilisoma historia, naona mdogo wetu alichagua filamu isiyo yake. Mad Max ziko tano: 1979, 1981, 1985, 2015, na Furiosa ya 2024. Mwenye kuzianzisha ni George Miller, Mwaustralia aliyekuwa daktari na aliyeona majeruhi wengi wa ajali za barabara. Vijana wengi wanaanza na ile ya 2015, kwa sababu ya magari na moto. Ya 1979 wanasema inachosha. Mimi nasema hiyo ndiyo yetu.

Kwa nini? Kwa sababu ndani yake dunia bado haijaisha. Polisi wako, hospitali iko, watu wanaenda kununua aiskrimu. Ila jengo la polisi limechakaa. Jambazi anakamatwa, siku ya kesi hakuna shahidi hata mmoja anayekuja, anaachiliwa. Gari kali ya Max fundi ameiunga kwa vipande, kimoja huku, kingine kule. Hakuna bomu. Huwezi kuonyesha siku gani nchi ile ilikufa. Habari ya vita vikubwa inakuja tu mwanzoni mwa filamu ya pili, kama hadithi ya zamani.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye mambo ya kweli. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta, na James McCausland, mwandishi wa habari aliyeandika filamu hiyo pamoja na Miller, aliona vile watu wa kawaida walikuwa tayari kupigana kwa ajili ya esanse. Sasa angalieni: mwaka huohuo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yanapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakujua hata kazi yenyewe. Baadaye bei ya shaba ikaanguka. Australia foleni za esanse ziliisha. Kwetu mambo yakaendelea kulegea pole pole.

Tatizo letu ni kwamba historia tunaihesabu kwa risasi. Uliza mwanafunzi yeyote hapa, atakuambia: Oktoba 1996, AFDL wakaingia Uvira, Agosti 1998, vita ya pili. Ni kweli, na waliokufa hatuwezi kuwasahau. Lakini kabla ya 1996 kulikuwa nini? Septemba 1991 wanajeshi wasiolipwa vizuri walipora Kinshasa. Miaka hiyohiyo mshahara wa mwalimu ukawa si kitu, wazazi wakaanza kumlipa wenyewe, na mpaka leo desturi hiyo haijatutoka vizuri. Siku mzazi wa kwanza alipotoa pesa hiyo hakuna aliyepiga risasi, ndiyo maana hatuikumbuki.

Na maji ni vilevile. Ziwa Tanganyika lina karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi duniani, na kina chake kinafika mita 1,470. Bado kipindupindu hakijatuhama. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi kadhaa, ukabomoa nyumba maelfu, na mabomba ya Regideso yakaharibika. Kwenye filamu ni jangwa. Sisi maji yako shingoni, bombani hayako. Hiyo si laana. Ni miti iliyokatwa kule milimani, nyumba zilizojengwa kwenye njia ya mto, bomba lisilotengenezwa, kila kitu na mwaka wake.

Kuna kitu kingine ambacho mdogo wetu hakukiona. Watu wa Joe wananyang'anyana. Hapa foleni ya bidoni ina sheria: mama akienda kuangalia mtoto, bidoni yake inamshikia nafasi, na ole wake atakayeisogeza! Hakuna bunduki inayosimamia hiyo. Kwa hiyo tusikubali haraka kuitwa watu wa jangwani.

Fury Road inaisha vizuri, kwa maoni yangu. Furiosa na wenzake wanakimbilia kule alikozaliwa, nchi ya kijani. Wanaambiwa imekuwa tope lenye sumu, na kwamba wamekwisha kuipita bila kuitambua. Ndipo wanageuza magari, wanarudi kulekule kwenye maji. Simlaumu aliyekimbia risasi. Kambi ya Nyarugusu, kule Tanzania, ina ndugu zetu tangu 1996. Nasema na sisi tulio hapa na diploma mkononi.

Tuanze na kazi ndogo. Leo jioni muulize mzazi wako, au bibi jirani: bomba la mtaa wetu lilikauka mwaka gani? Nani alikwenda kulalamika, na aliambiwa nini? Andika, na tarehe kama anaikumbuka. Mimi nilimuuliza mama. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Hakuna aliyewahi kuniuliza hiyo."