Wazee wa Baraza na Rai Isiyomfunga Jaji

Nyika ya Taru huko Kwale, ambako misafara ya karne ya 19 ilituama kuteka maji katika mashimo ya mwamba yaitwayo ngurunga kabla ya kuikabili njia kavu ya kwenda Taita, iko nje ya ule ukanda wa maili 10 ambao Sultani wa Unguja aliridhia mwaka 1895 utawaliwe na Waingereza kwa jina lake. Na mpaka wa ukanda huo, ambao kwa msafiri wa leo hauonekani hata kwa jiwe, ndio ulioamua kwa miaka mingi mtu wa Kwale atasimama mbele ya nani anaposhitakiwa.

Kanuni za mwaka 1897 zilithibitisha mabaraza ya maliwali, mamudiri na makadhi, kwa hiyo watu wa Diani, Gazi, Msambweni na Vanga walikuwa na hakimu anayejulikana kwa nasaba na kilemba chake, mwenye kukaa mjini mwao na kusikia shauri kwa Kiswahili bila mkalimani. Waduruma wa Taru, Samburu na Kinango, maadam walikuwa upande wa bara, waliachiwa wazee wao katika mambo madogo. Lakini kosa likiwa kubwa, khususan la kuua, tofauti ya liwali na mzee ilitoweka, na wote walipelekwa mbele ya jaji Mwingereza.

Wala isidhaniwe kwamba wazee hao walikuwa hawana sheria ya kuhukumia mauaji. Baraza la kaya, yaani ngambi, lilikuwa na njia zake za kuchuja ukweli, na iliyotisha kupita zote ni kiraho cha tsoka: shoka lilitiwa motoni hata likaiva, mganga akalisemesha maneno ya kiapo, kisha likagusishwa upesi upesi katika kiganja cha mtuhumiwa, naye ambaye ngozi yake ilitoa malengelenge ndiye aliyehesabiwa kuwa mkosa. Damu ikithibiti, ililipwa kwa kore, yaani fidia ya damu, nayo haikuwa faini ya mtu mmoja bali deni la ukoo juu ya ukoo. Na kwa kuwa Waduruma na Wadigo walizingatia sana nasaba ya upande wa mama, mjomba alikuwa hana budi kulichukua deni la mpwawe begani mwake. Mimi sitamani kiraho kirudi, kwani ngozi ya mtu si shahidi. Ila katika kore palikuwa na jambo ambalo mahakama ya kigeni haikulipatia nafasi, nalo ni kwamba waliofiwa hawakurudi nyumbani mikono mitupu.

Serikali ilileta kanuni za jinai zilizoandikwa kwa ajili ya India, na kutoka humo ikazaliwa desturi ya wazee wa baraza. Mzungu aliposhitakiwa alipewa juri, watu wa kabila lake, ambao neno lao lilikuwa ndilo hukumu. Mwafrika alipewa wazee, ambao neno lao lilikuwa rai tu. Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1930 iliendeleza mpango huo kwa maneno yasiyo na shaka: jaji atawauliza wazee rai zao mmoja mmoja, kisha ataandika hukumu yake, wala hatalazimika kuzifuata.

Mwendo wenyewe ulikuwa hivi. Ushahidi ukiisha kutolewa, na mawakili wakiisha kunena, jaji aliwafupizia wazee mambo yote kwa Kiingereza, mkalimani akiyageuza sentensi baada ya sentensi. Ndipo kila mzee akainuka, akatamka mbele ya watu wote, pasipo kujitenga kushauriana kama wafanyavyo watu wa juri, kama mshitakiwa ana hatia au hana, na sababu yake ni ipi, na jaji akaandika. Maneno ya mzee aliyekaa nusu karne akiamua migogoro ya mashamba na mahari yakawa mistari michache katika faili, na pengine jaji aliyataja katika hukumu, pengine akayapita kwa sentensi moja.

Na mzee huyo alipatikanaje? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, palipokuwa na kasoro kubwa zaidi kuliko hiyo ya rai isiyofunga. Nchini Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1361, raia asiyesomea sheria ameweza kuteuliwa kuwa hakimu wa jinai, akahukumu yeye mwenyewe, karani wa sheria akimwongoza tu. Huku kwetu raia hakuchaguliwa na ngambi wala na kijiji; majina yaliandikwa katika orodha na maofisa wa serikali, na aghalabu aliyeandikwa ni yule ambaye ofisa amekwisha kumjua, mtu wa chifu au mwenye cheo. Basi aliitwa kwa sababu anajua mila, akachujwa kwa sababu anaijua serikali.

Udhaifu wa mpango wote wa mahakama hizo ulidhihirika mwaka 1932, Wakamba 60 walipohukumiwa kunyongwa kwa pamoja kwa kumuua mwanamke waliyemwamini kuwa mchawi. Mbele ya wanakijiji, wao walikuwa wamekilinda kijiji; mbele ya kanuni, walikuwa wauaji 60. Serikali ikawapunguzia adhabu, na haukupita muda ikaundwa Tume ya Bushe kuchunguza namna haki ya jinai inavyotendeka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka 24 baadaye, Novemba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alishitakiwa Nyeri kwa kukutwa na bastola na risasi, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia. Sioni ajabu. Katika siku za hali ya hatari, mzee aliyeketi chini ya macho ya serikali na kusema vinginevyo angekuwa na moyo wa namna ya pekee.

Mahakama za Waafrika zilipangwa upya mwaka 1951, kisha zikafutwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1967, zikaingizwa katika mfumo mmoja wa nchi nzima. Wazee wa baraza wakabaki hasa katika kesi za mauaji, hata Bunge lilipowaondoa mwaka 2007.

Kwa kinaya, kesi iliyowapa umaarufu wa mwisho ni ya Thomas Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa Lodi Delamere, ambayo ilikuwa imeanza kabla ya sheria kubadilika: Machi 2009 wazee walitoa rai kwamba hakuua kwa kukusudia, na Mei jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa kifungo cha miezi 8. Mwaka uliofuata Katiba mpya, katika ibara ya 159, iliziagiza mahakama kuhimiza njia za jadi za suluhu. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu shitaka moja la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kulipana fidia kwa mila zao, jambo ambalo mzee wa Taru wa zamani angelitambua mara moja kuwa ni kore, na ambalo wanasheria wengi walilipokea kwa hofu, kwani mwenye mali hulipa kwa wepesi kuliko fukara.

Kwa majirani zetu, Tanzania, ambako kwa miaka mingi wazee wa mahakama za mwanzo walipiga kura sawa na hakimu na wingi ukashinda, tangu 2022 jaji wa Mahakama Kuu ana hiari ya kuketi nao au kutoketi nao. Uganda bado huwaita, wasiopungua wawili, na huko pia jaji akihitilafiana nao huandika sababu zake na kuhukumu apendavyo.