Pwani hadi Morogoro: Kilomita zile zile, saa tofauti

Msafiri wa siku hizi huuliza kwanza ni kilomita ngapi, halafu saa ngapi. Kwa anayetoka pwani kwenda Morogoro, jibu la kwanza halijabadilika sana kwa miaka 150. La pili ndilo lililogeuka, tena si kwa kila mtu.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo na wapagazi wake kumtafuta Livingstone. Njia ilimfikisha Simbamwene, mji aliouanzisha mtawala Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, ulipo mji wa Morogoro sasa. Aliukuta umezungushiwa ukuta wa mawe wenye minara, na milango ya mbao ngumu iliyotiwa nakshi kama ya Waarabu. Alihesabu maili 119, yaani kama kilomita 190, zilizokwenda kwa vituo 14 vya mwendo. Lakini ilikuwa masika. Mito imejaa, punda wanakwama matopeni, na kundi moja la wapagazi waliotangulia linajivuta njiani. Zikaisha siku 29. Piga hesabu: kilomita sita na nusu kwa siku!

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke, mwaka 1857, walikuwa wamepita upande wa pili wa milima hiyo, kwa njia ya Zungomero, jirani na Kisaki. Enzi hizo pande zote mbili za Uluguru zilikuwa sawa, maana kote ni miguu.

Reli ndiyo iliyobagua. Wajerumani walianza kuitandika Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro, upande wa kaskazini. Baadaye ikaja lami ya Chalinze na mabasi yake, saa nne hivi iwapo foleni ya Kibaha itakuhurumia. Kisha, tarehe 14 Juni 2024, treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria: kilomita 205, mwendo hadi kilomita 160 kwa saa, safari chini ya saa mbili. Hata ndege isingekuokolea kitu hapo. Angani ni kama kilomita 175, lakini muda wa kukaguliwa na kusubiri uwanjani ungetosha treni kuwa imeshapita Ngerengere.

Sasa njoo Bigwa, mashariki ya mji. Hapa ndipo inapochepuka barabara ya Kiroka, Mkuyuni, Matombo, Mvuha hadi Kisaki, kilomita zisizopungua 130. Ndizi na mananasi ya milimani hushukia huku kuingia sokoni mjini, na masika yakikaza, gari likizama, mzigo unaivia njiani. Kisaki ina stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa miaka ya 1970, kwa hiyo mtu wa huko anaweza kupanda treni akaenda Dar es Salaam au Zambia. Morogoro, makao makuu ya mkoa wake mwenyewe, ndiko kunakomtoa jasho. Mimi naona hiyo ni aibu kubwa kuliko fahari ya kilomita 160 kwa saa.

Kwa hiyo anayekwenda Matombo au Mvuha asidanganywe na ratiba ya SGR. Akishuka stesheni ya SGR ya Kihonda bado ana mji mzima wa kuvuka hadi Bigwa, na kabla ya kupanda gari hapo aulize kama mvua imenyesha milimani.