Rafiki: filamu iliyokatazwa kwa sababu haikumwadhibu mwanamke

BANALIA, Tshopo – Neno «rafiki» halihitaji kutafsiriwa, iwe sokoni Kisangani au pwani ya Lamu. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa sinema wa Kenya, alilichagua liwe jina la filamu yake ya mwaka 2018. Alieleza kwamba watu wa jinsia moja wanaopendana, wakifika mbele ya wazazi au majirani, hawathubutu kusema «mpenzi wangu» au «mchumba wangu». Husema tu: «Huyu ni rafiki yangu.»

Kiswahili kina maneno mengi kwa wanawake wanaopenda wanawake wenzao, lakini karibu yote ni matusi. Hata neno «shoga», ambalo wanawake wa pwani huitana kwa upendo, mwanamume akiitwa hivyo linageuka kuwa kashfa. Ndiyo maana neno la kawaida kabisa, rafiki, limebeba mzigo mkubwa kwa miaka mingi.

Filamu hiyo ilipigwa marufuku katika nchi ilikotengenezwa. Historia yake inawahusu pia wasikilizaji wa Tshopo, hasa familia zilizokimbia makwao, kwa kuwa inaonyesha namna uvumi wa majirani unavyoweza kumfukuza mtu nyumbani kwake.

Nani aliruhusiwa kuona sinema

Jimbo hili lina historia ya zamani na sinema. Mwaka 1951 Wamarekani walikuja kupiga picha za filamu The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, mji ulioitwa Ponthierville wakati huo. Mwaka 1958 Audrey Hepburn alikuja Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kwa ajili ya The Nun's Story, filamu juu ya mtawa muuguzi. Msitu wetu na mito yetu vilionekana duniani kote, lakini hadithi zilikuwa za wageni.

Wakati huohuo utawala wa Kibelgiji haukuwaachia Wakongo waone sinema za kigeni wapendavyo. Hoja ilikuwa kwamba Mwafrika hawezi kutofautisha hadithi na ukweli, na kwamba picha fulani zingemharibia tabia. Badala yake alitengenezewa filamu za mafundisho, na mapadri walitoa vichekesho kama vile vya Matamata na Pilipili.

Hoja hiyo inafaa kukumbukwa: «Wakiona, wataharibika.» Uhuru ulipokuja, wakoloni waliondoka, ila hoja ilibaki. Ilibadilisha tu watu inaowalenga.

Kabla ya Rafiki: Dakar, Kinshasa, Nairobi

Mwanamke anayependa wanawake akitazama filamu juu ya watu kama yeye, mara nyingi huwa na swali moja moyoni kabla hata ya kujua kama filamu ni nzuri: je, huyu dada atakuwa hai mpaka mwisho? Kwa muda mrefu, katika sinema za Ulaya, Marekani na Afrika, jibu lilikuwa hapana. Mwanamke wa namna hiyo alijiua, aliuawa, au alirudi kwa mwanamume akiwa ametubu.

Mwaka 2001 Joseph Gaï Ramaka wa Senegal alitoa Karmen Geï. Karmen ni mfungwa katika gereza la wanawake, na mkuu wa gereza, mwanamke anayeitwa Angélique, anampenda. Muziki na dansi katika filamu hiyo ni vya kupendeza mno. Lakini Angélique anajitupa baharini, na Karmen mwenyewe anauawa. Dakar ilipata ghasia, kwa sababu wimbo mtakatifu wa Wamuridi ulisikika katika mazishi ya Angélique, na filamu ikaondolewa kwenye majumba ya sinema.

Hapa kwetu Kongo, Djo Tunda wa Munga alitoa Viva Riva! mwaka 2010, hadithi ya magendo ya petroli mjini Kinshasa, inayosemwa kwa Kilingala na Kifaransa. Mwaka 2011 ilizoa tuzo sita katika mashindano ya filamu za Afrika. Ndani yake kuna afisa wa kike wa jeshi, «La Commandante», anayependa wanawake. Ni mhusika mwenye nguvu, mwenye hofu na mwenye uchungu kwa ajili ya dada yake. Mapenzi yake si kiini cha hadithi, lakini yupo, na ni Mkongo.

Mwaka 2014 kundi la wasanii wa Nairobi linaloitwa The Nest lilitoa Stories of Our Lives. Walizunguka Kenya wakikusanya masimulizi ya watu wanaopenda watu wa jinsia yao, wakatengeneza hadithi tano fupi za rangi nyeusi na nyeupe chini ya uongozi wa Jim Chuchu. Ya kwanza ni ya wasichana wawili wa shule. Wengi wa waliohusika walificha majina. Filamu ilionyeshwa Toronto Septemba 2014. Oktoba Bodi ya Filamu ya Kenya iliikataza, na mtayarishaji wake, George Gachara, alikamatwa kwa madai ya kupiga picha bila kibali. Baadaye mashtaka yaliondolewa. Februari 2015 filamu hiyohiyo ilipata tuzo mjini Berlin.

Mzambarau wa Nakawa

Hadithi ya Rafiki haikuanzia Kenya. Ilianzia Uganda, kwenye kalamu ya Monica Arac de Nyeko. Hadithi yake fupi «Jambula Tree», yaani mzambarau, ilimpa Tuzo ya Caine mwaka 2007. Alikuwa Mganda wa kwanza kuipata. Imeandikwa kama barua. Anyango, aliyebaki katika nyumba za Nakawa mjini Kampala, anamwandikia Sanyu, aliyepelekwa London baada ya wasichana hao wawili kukutwa chini ya mti usiku. Aliyewafichua ni Mama Atim, jirani asiyefunga mdomo.

Kahiu aliihamishia hadithi hiyo Nairobi. Anyango akawa Kena, msichana mwembamba anayecheza mpira na kuuza katika duka la baba yake. Mwigizaji ni Samantha Mugatsia. Sanyu akawa Ziki, mwenye nywele za rangi nyingi na kicheko kikubwa. Mwigizaji ni Sheila Munyiva. Baba zao ni wapinzani katika uchaguzi mmoja. Mama Atim amebaki Mama Atim, sasa ana kibanda cha chakula, na hakuna habari inayompita.

Filamu imejaa rangi, hasa waridi na zambarau. Kahiu alitaka kuonyesha Afrika yenye furaha na utani, maana picha za vita na njaa zimekwisha kuonekana sana. Hata hivyo hakuficha ukatili. Wasichana wanafumwa, umati unawapiga, wanapelekwa polisi, na Kena anaombewa kanisani kama mtu mwenye pepo. Ziki anapelekwa London na wazazi wake.

Katika yote hayo kuna mtu mmoja wa kukumbukwa: John Mwaura, baba yake Kena. Ni mwanasiasa mdogo anayehitaji kura. Kumkana binti yake kungemsaidia. Hakumkana. Mzazi yeyote, hata yule asiyekubaliana na mapenzi ya namna hiyo, ataona pale swali linalomhusu: mtoto akipigwa na umati, baba anasimama upande gani?

Siku saba za mahakama

Aprili 2018 ilitangazwa kwamba Rafiki imechaguliwa kwa tamasha la Cannes, Ufaransa. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Mwezi huohuo Bodi ya Filamu ilitangaza kuikataza nchini, ikisema inakusudia kueneza mapenzi ya wanawake kwa wanawake kinyume cha sheria. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Ilitaka Kena aonekane akijuta.

Basi jambo lililoikera bodi ni uhai baada ya adhabu. Miaka inapita, Kena anafanya kazi hospitalini, na Ziki anarudi. Filamu inakwisha kwa mkono unaogusa bega. Kama Kena angekufa au angetubu, pengine filamu ingepita.

Kahiu alikwenda mahakamani. Alihitaji pia filamu ionyeshwe nyumbani siku saba mfululizo ili iweze kushindania nafasi ya Oscar kwa jina la Kenya. Tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu. Alisema haamini kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi kwamba misingi ya maadili yake itatikisika kwa kutazama filamu kama hiyo.

Watu walipanga foleni Nairobi, na maonyesho yakajaa. Hatimaye kamati ya Kenya ilichagua filamu nyingine kwa Oscar, Supa Modo. Siku saba zikaisha na marufuku ikarudi. Mapema mwaka 2019 Mugatsia alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba marufuku ilikuwa halali.

Sheria na njia ya ukimbizi

Kenya na Uganda zilirithi sheria ya Waingereza, ambayo iliyaita mapenzi ya jinsia moja uhalifu. Mei 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuifuta. Adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2014, mahakama ikaibatilisha mwezi Agosti, kisha mwaka 2023 ikaja nyingine yenye hata adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa.

Kongo ilirithi sheria ya Wabelgiji, na kanuni yetu ya adhabu haitaji mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa. Lakini kifungu cha 176, juu ya kukosea maadili hadharani, kinaweza kutumiwa dhidi ya watu hao, na Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu. Zaidi ya sheria kuna familia, kanisa na mtaa, ambavyo vinaweza kumfukuza mtu bila hati ya jaji.

Baada ya 2014 Waganda wengi wa namna hiyo walikimbilia Kenya. Baadhi walipelekwa kambi ya Kakuma, na huko wakapigwa tena, safari hii na wakimbizi wenzao. Jambo hilo ni la kufikiriwa na kila familia iliyowahi kulala shuleni au kanisani baada ya kukimbia. Aliyefukuzwa kwa sababu ya kabila lake na aliyefukuzwa kwa sababu ya anayempenda wanaweza kujikuta katika foleni moja ya maji.

Kwa anayetaka kutazama

Aanze na Rafiki, ambayo haifiki saa moja na nusu na ina Kiswahili cha kutosha kueleweka hapa, ingawa kimechanganywa na Kiingereza na lugha ya vijana wa Nairobi. Baadaye atazame Stories of Our Lives, kisha Karmen Geï kwa ajili ya muziki wake, akijua kwamba mwisho ni mzito. Viva Riva! ni ya watu wazima tu, maana ina damu na uchi mwingi. Anayetaka habari za kweli za Uganda atafute Call Me Kuchu ya mwaka 2012, inayomfuata mwanaharakati David Kato hadi kuuawa kwake Januari 2011; ndani yake wanasikika pia wanawake waliopigana pamoja naye.

Filamu hizi hupatikana kwenye mtandao kwa kulipia, na orodha hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Mahali ambapo simu moja inatumiwa na watu sita, kuna jambo la usalama: kumbukumbu ya vilivyotazamwa hubaki ndani ya simu, na faili kwenye kadi ya memori inaweza kufunguliwa na yeyote. Afute, au atazame kwenye simu ya mtu anayemwamini kweli. Mama Atim yuko kila mtaa.

Anayekutwa akitazama anaweza kuulizwa ni filamu gani hiyo. Jina lake, angalau, anaweza kulitamka mbele ya mtu yeyote.